Seattle Steelheads: timu ya besiboli iliyoishi miezi miwili (1946)

Chumvini #1

Wakuu, kwema?

Humu ndani kila siku ni Simba na Yanga, nani kamsajili nani, refa gani kala hela ya nani. Leo naomba tutoke nje ya uzio kidogo. Nawaletea timu ambayo hata Wamarekani wengi hawaijui: Seattle Steelheads, timu ya besiboli ya watu weusi. Ilianza Mei 1946. Julai ilipofika ligi yake ilishakufa, na yenyewe ilishavua jina.

Timu ikifa haraka watu hukimbilia kusema wachezaji walikuwa wabovu, au mashabiki hawakutokea. Hawa wachezaji walikuwa nao, tena wa kiwango. Mashabiki walikuwepo mjini. Na juu yao walikaa viongozi wawili ambao hata wewe wa Mbagala majina yao umewahi kuyasikia. Ikafa hivyo hivyo. Ndiyo maana nimeona inafaa uzi.

Kwanza tuwekane sawa kwa wasioujua mchezo. Besiboli ya Marekani ilimfungia mtu mweusi nje tangu miaka ya 1880. Haikuwa sheria iliyoandikwa. Wenye timu walikubaliana kimyakimya na ikatosha kwa miaka sitini. Weusi wakajiundia ligi zao. Mwaka 1920 Rube Foster, aliyekuwa mrushaji hatari (yule anayemtupia mpigaji mpira) kabla ya kuwa mmiliki, aliwaita wenzake Kansas City wakaanzisha Negro National League. Kwenye ligi hizi ndimo walimopitia kina Satchel Paige, mrushaji, na Josh Gibson, mpigaji.

Sasa fungua ramani. Chicago, Kansas City, Pittsburgh, Newark, Birmingham. Zote ziko katikati, mashariki au kusini. Huku Pasifiki hakuna kitu, kwa sababu weusi wenyewe walikuwa wa kuhesabika. Seattle nzima mwaka 1940 ilikuwa na weusi kama 3,800 tu.

Vita ikabadilisha kila kitu. Boeing wanataka watu wa kuunda ndege, bandari zinataka watu wa kuunda meli. Watu wakapanda treni kutoka Louisiana, Texas, Arkansas. Kufika 1950 Seattle ilikuwa na weusi zaidi ya 15,000. Portland, Oakland na Los Angeles ni hadithi hiyo hiyo. Na watu wa kusini walikuja na mapenzi yao ya besiboli. Wateja walishafika wenyewe, wakawa wanamsubiri mwenye duka.

Mwenye duka akaja. Naendelea chini, subirini nile kwanza.

mla_mihogo #2

Nimeweka kigoda hapa. Leta vitu mkuu.

Kocha Mstaafu #3

Mkuu unatuzungusha tu. Jibu linajulikana: Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ule uzio wa wazungu. Alipochukuliwa na wazungu, ligi zote za weusi zikakosa watu, zikafa. Uzi umeisha, tufunge.

Chumvini #4

Kocha punguza mwendo, hiyo hoja yako nitaifuata nyumbani kwake.

Mwenye duka aliitwa Abe Saperstein. Huyu ndiye mwenye Harlem Globetrotters, wale jamaa wa kikapu wanaozungusha mpira kidoleni. Myahudi aliyezaliwa London 1902, akakulia Chicago. Na timu yenyewe ilianzia Chicago, siyo Harlem; jina la Harlem, mtaa wa weusi New York, liliwekwa ili watu wa vijijini waelewe mara moja kwamba wanakuja kuona weusi. Jamaa alikuwa mfanyabiashara wa matangazo kabla ya kuwa mtu wa michezo. Kwenye besiboli alikuwa dalali wa mechi: anatafuta uwanja, anakusanya timu mbili, anachapisha mabango, halafu anakata chake kwenye mapato ya mlangoni. Wenye timu wengine hawakumpenda kwa hilo, ila simu zake walipokea.

Saperstein akawa rais wa ligi mpya, West Coast Negro Baseball Association. Makamu wake akawa Jesse Owens. Ndiyo, yule yule mwanariadha wa medali nne za dhahabu Olimpiki ya Berlin 1936 mbele ya Hitler. Miaka kumi baada ya Berlin anamiliki timu ya besiboli ya Portland inayoitwa Rosebuds.

Timu zilikuwa sita: Seattle Steelheads, Portland Rosebuds, San Francisco Sea Lions, Oakland Larks, Los Angeles White Sox na San Diego Tigers. Ratiba ya karatasini ilikuwa mechi 110 kwa kila timu. Shikeni hiyo namba.

Steelheads ilikuwa ya Saperstein mwenyewe. Jina ni la samaki wa huko, jamii ya trauti, anayezaliwa mtoni, akaenda baharini, akarudi mtoni kutaga. Nahodha na kocha alikuwa mdakaji (anayedaka mpira nyuma ya mpigaji) Paul Hardy, mtu aliyekwishapita Chicago American Giants na Birmingham Black Barons. Ndani alikuwemo Sherwood Brewer, ambaye baadaye alikuja kucheza Kansas City Monarchs, na Herb Simpson wa Louisiana, kijana aliyetoka jeshini. Hawa hawakuokotwa mtaani.

Wa Githurai #5

Sasa buda, huyu Saperstein alitoa wapi timu nzima ya watu wako tayari hivyo, na ligi ni mpya? Hapo pananuka.

Chumvini #6

Wa Githurai umeona mbali, na hapo ndipo roho ya uzi huu ilipo.

Saperstein alikuwa tayari na kikosi cha besiboli kilichokuwa kinazunguka nchi kwa jina la Harlem Globetrotters, kama wale wa kikapu. Ligi ilipoanza akawabadilishia jezi tu. Jana Globetrotters, leo Seattle Steelheads. Wachezaji wale wale, basi lile lile, kocha yule yule. Mtu wa Seattle aliyekwenda uwanjani Juni akashangilia "timu ya nyumbani" alikuwa anashangilia watu waliofika wiki ile.

Siwalaumu. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida sana kwenye besiboli ya weusi. Timu iliyokuwa inazunguka ndiyo iliyokuwa inakula. Unafika mji mdogo, unacheza na timu ya kiwandani au ya wazungu wa pale, mnagawana hela ya mlangoni, usiku mnalala ndani ya basi kwa sababu hoteli hazipokei weusi, asubuhi mji mwingine. Hata ligi kubwa za mashariki zilikuwa zinacheza mechi nyingi zaidi nje ya ligi kuliko ndani yake. Mechi ya ligi ilikuwa heshima. Ugali ulitoka barabarani.

Kwa hiyo timu ya aina hii ukiiambia ikae mji mmoja, icheze ratiba, ilipe pango la uwanja, imsubiri mgeni asafiri ndipo icheze, umeifunga miguu.

Binti Mchambuzi #7

Chumvini, umesema pango la uwanja. Hawakuwa na uwanja wao?

Chumvini #8

Hapana dada, na hapa ndipo utacheka au utalia.

Walichezea Sick's Stadium. Sick ni jina la ukoo la Emil Sick, tajiri wa bia ya Rainier, aliyeujenga 1938 kwa ajili ya timu yake ya wazungu, Seattle Rainiers, iliyokuwa Pacific Coast League. Pacific Coast League ilikuwa ligi kubwa kuliko zote huku magharibi, na mweusi hakuruhusiwa kuchezea humo. Pango lao lilipokelewa, wao hawakupokelewa. Steelheads waliingia uwanjani Rainiers wakiwa safarini. Rainiers wakirudi, Steelheads wanatoka.

Mechi ya kwanza nyumbani ilikuwa tarehe 1 Juni 1946 dhidi ya San Diego Tigers. Walikuja watu takribani 2,500. Kwa timu ngeni kabisa si haba. Ila uwanja ulikuwa wa watu kama 11,000, na ukikaa watu 2,500 mle ndani picha inaonyesha viti vitupu. Siku nyingine walikwenda kuchezea Tacoma, Bremerton, Spokane, Bellingham, popote palipokuwa na nyasi na geti la kukusanyia hela.

Bremerton si jina la kupita hivi hivi. Ni mji wa karakana za meli za jeshi la wanamaji, na weusi wengi walihamia pale wakati wa vita kutafuta kazi. Familia ya Quincy Jones, huyu mtayarishaji wa muziki, ni mojawapo; alikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu mwaka ule wa 1946.

Kocha Mstaafu #9

Mkuu maelezo mazuri, ila hujanijibu. Robinson alisaini na Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu ya wazungu, Oktoba 1945. Ligi yako ikaanza Mei 1946. Mtu gani mwenye akili anafungua duka la mishumaa wakati nguzo za umeme zinasimikwa?

Chumvini #10

Kocha hiyo ni hoja ya maana, siyo ile ya mwanzo. Nakujibu kwa tarehe.

Robinson mwaka 1946 alikuwa wapi? Montreal, Kanada, kwenye timu ya daraja la chini ya Dodgers. Alivaa jezi ya Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947. Ligi ya pwani ilikufa Julai 1946. Mtu wa Seattle hakuwa na namna ya kuacha kwenda Sick's Stadium ili akamtazame Robinson wa Montreal, televisheni yenyewe hakuna.

Sasa angalia mashariki mwaka huo huo. Newark Eagles ya Effa Manley na mumewe ilivuta watu zaidi ya 120,000 mwaka 1946, ikawafunga Kansas City Monarchs na kubeba ubingwa. Mwaka 1947, Robinson akiwa Brooklyn, umbali wa treni tu kutoka Newark, mahudhurio yakashuka hadi kama 57,000. Hapo nakubali, hapo ni Robinson. Watu walipanda treni wakaenda kumwona. Na hakuna aliyewalipa wenye timu hasara yao: Monarchs, timu aliyotoka, hawakupata hata senti kwa Robinson.

Lakini Steelheads walikuwa wameshazikwa mwaka mmoja kabla. Kama 1946 ilikuwa mbaya kwa besiboli ya weusi, Newark isingejaza. Na kama ilikuwa mbaya kwa besiboli ya pwani, San Francisco Seals wa ligi ile ya wazungu wasingevuta watu zaidi ya 670,000 msimu ule ule. Vita imeisha, watu wana hela ya mshahara wa kiwandani, wanataka starehe. Ule ulikuwa mwaka wa neema.

Waliuawa na nauli na kalenda ya uwanja wa watu.

Wakili wa Mtaa #11

Hebu tupe nauli yenyewe basi. Maneno bila hesabu ni porojo.

Chumvini #12

Wakili wewe ndiye uliyeniharibia usingizi kwenye ule uzi wa katiba, haya.

Seattle mpaka Portland ni kama kilomita 280, hiyo sawa. Seattle mpaka Oakland ni kama 1,300. Seattle mpaka San Diego ni kama 2,000. Mfikirie anayetoka Dar kwenda Bukoba kwa basi, halafu akifika aambiwe bado safari. Na barabara kuu za kisasa za Marekani hazijajengwa. Sheria ya kuzijenga ilipita 1956. Basi lenyewe linapanda milima ya mpakani mwa Oregon na California lina wanaume wazima na mizigo yao.

Ligi za mashariki zilikuwa na faida ya ukaribu. Newark, New York, Philadelphia na Baltimore ni miji ya kukimbizana. Unaweza kucheza asubuhi hapa, usiku kule. Ukanda wa pwani hauna hiyo. Kati ya mji na mji kuna msitu, na mapato ya wikiendi moja yanaishia kwenye petroli.

Halafu kumbuka kalenda. Hela ya besiboli ya weusi ilikuwa Jumapili, mtu akishatoka kanisani. Katikati ya wiki fundi wa karakana yuko zamu. Sasa Jumapili zenyewe uwanja ni wa Rainiers wakiwa nyumbani. Unabaki na Jumapili chache, unazigawa na mgeni, mwenye uwanja anakata, dalali anakata, kinachobaki unagawia wachezaji.

Zile mechi 110 za karatasini? Zilichezwa chache tu ligi ikafa. Oakland Larks ndio walikuwa kileleni, wameshinda 14 wakapoteza 3. Hakuna aliyeshindana nao kwa sababu hakuna aliyebaki.

mla_mihogo #13

Jesse Owens mbona umempitia juu juu? Mtu wa medali nne alikuwa anafanya nini kwenye timu ya nusu ndoo?

Chumvini #14

Alikuwa anatafuta riziki, mkuu. Hiyo medali ya dhahabu hailiwi. Baada ya Berlin, Owens aligombana na viongozi wa riadha wa Marekani kwa sababu alikataa kuendelea na ziara za Ulaya walizompangia bila malipo, wakamfungia. Akaanza kukimbia kwa hela kwenye viwanja vya besiboli kabla ya mechi. Wakati mwingine anashindana na wachezaji wenye mbio huku akiwapa nafasi ya kutangulia. Wakati mwingine anashindana na farasi.

Ndiyo, farasi. Na alikuja kuieleza siri yake mwenyewe: ilibidi atafutwe farasi mwenye damu moto, halafu mwenye bastola ya kuanzishia mbio asimame karibu naye. Bastola ikilia, farasi anashtuka, anainua miguu ya mbele, na mpaka mpanda farasi amtulize Owens ameshakula yadi za kutosha.

Kwa hiyo Owens kwenye ligi hii alikuwa jina la kuwekwa kwenye bango. Saperstein alijua hilo, na Owens mwenyewe pia. Rosebuds walichezea Portland kwenye uwanja wa Vaughn Street, na wao pia waliazima. Portland ilikuwa na mji mzima wa wafanyakazi wa meli, Vanport, uliojengwa haraka haraka wakati wa vita na kujaa weusi. Mashabiki wa Rosebuds walikuwa wanaishi humo. Mei 30, 1948 mto Columbia ukapasua tuta na kuufagia mji wote mchana mmoja.

Mama Tariq #15

Wanangu, nimesoma kimya kimya nikashtuka. Mimi nakaa Seattle kusini, na hapo Sick's Stadium palipokuwa napita karibu kila wiki. Sasa hivi ni duka kubwa la vifaa vya ujenzi, Rainier Avenue kona ya McClellan, ng'ambo kidogo ya kituo cha treni cha Mount Baker. Uwanja ulibomolewa 1979.

Nje wameweka bango la kumbukumbu. Mtu anapakia mbao na ndoo za rangi kwenye gari pembeni yake hata hageuzi shingo. Mwanangu aliponiuliza nikamwambia palikuwa na uwanja wa mpira, yakaisha. Sikujua kwamba weusi walichezea hapo kwa kuazima.

Bonde hili la Rainier sasa ndilo letu. Ukishuka barabara hiyo utasikia Kisomali, Kiamhara, Kitigrinya, na Kiswahili chetu, cha Wakenya, Watanzania na Wakongo. Mashabiki wa kuijaza timu wangekuwepo leo, ila wote wanataka mpira wa miguu.

Na nyongeza: Elvis Presley aliimba hapo 1957, na Jimi Hendrix, mtoto wa hapa hapa Seattle, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumwona akiwa na miaka kumi na minne. Hilo ndilo watu wa hapa wanalikumbuka kuliko timu yoyote.

Chumvini #16

Mama Tariq shikamoo, na asante sana. Hii ndiyo faida ya jukwaa.

Sasa wakuu sikieni uchawi wa uwanja huu. Mwaka 1969 Seattle wakapata timu ya ligi kuu kabisa, Seattle Pilots. Wakaiweka wapi? Sick's Stadium. Wazungu sasa, wana ligi nyuma yao, wana kila kitu. Ilidumu msimu mmoja. Ikafilisika mahakamani, ikauzwa, ikahamia Milwaukee siku chache kabla ya msimu wa 1970 kuanza, ndio Brewers wa leo. Mji na jimbo wakafungua kesi dhidi ya ligi, na kesi hiyo ndiyo iliyozaa Seattle Mariners 1977.

Tofauti ni hiyo. Pilots walipokufa, serikali ya jimbo ilikwenda mahakamani mpaka mji ukalipwa timu nyingine. Steelheads walipokufa hakuna aliyefungua hata faili.

Wa Githurai #17

Hiyo imeniguza. Sasa wachezaji walienda wapi? Julai ni katikati ya msimu.

Chumvini #18

Walivua jezi ya Steelheads wakavaa ya Globetrotters wakaendelea na safari. Ulichokiuliza mwanzo ndicho kilichowaokoa. Timu ya kukodiwa jina ilikufa, timu ya barabarani haikufa. Basi halikusimama hata wiki.

Wengine walifika mbali. Sherwood Brewer nimeshamtaja. Herb Simpson aliendelea kuzunguka na Globetrotters, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa miongoni mwa weusi wa kwanza kuchezea Albuquerque Dukes, New Mexico. Alikuwa anakaa kituo cha kwanza (nafasi ya ulinzi uwanjani). Timu za daraja la chini miji ile ya jangwani hazikuwa na mweusi, kwa hiyo mechi za ugenini wenzake wanalala hotelini yeye anatafutiwa familia ya weusi ya kumpokea. Ligi kuu hakufika. Alirudi New Orleans akaishi mpaka Januari 2015, akafariki akiwa na miaka 94, wa mwisho mwisho kabisa wa Steelheads. Alibahatika jambo moja: Mariners walikuja kumwenzi uzeeni, na wachezaji wao wamewahi kuingia uwanjani mara kadhaa wamevaa jezi za Steelheads kama kumbukumbu. Jezi hizo zinauzwa dukani hadi leo, na nina uhakika zimeshaingiza hela kuliko timu yenyewe ilivyowahi kuingiza.

Binti Mchambuzi #19

Hapo nina swali linaloniuma. Mwaka 2020 ligi kuu ya Marekani ilitangaza kwamba ligi za weusi za 1920 mpaka 1948 sasa zinahesabika kuwa ligi kuu, na 2024 takwimu zikaingizwa, Josh Gibson akawa kinara wa wastani wa upigaji, .372 (yaani mapigo 372 ya kufanikiwa kwa kila zamu 1,000), akampita Ty Cobb, mzungu aliyekuwa anaongoza. Steelheads wamo?

Chumvini #20

Hawamo dada. Zilichaguliwa ligi saba tu, zote za huko mashariki, kusini na katikati. Ligi ya pwani ya 1946 haipo kwenye orodha. Kwa hiyo aliyepiga vizuri tarehe 1 Juni 1946 pale Rainier Avenue, kwenye vitabu hakupiga.

Kocha Mstaafu #21

Na iwe hivyo. Tusichanganye huruma na takwimu. Ligi iliyocheza mechi chache badala ya 110, timu zingine ni za kubadilisha jezi, utaihesabuje kuwa kuu? Hata sisi hapa ligi ikifa raundi ya nne hakuna anayempa mtu kiatu cha dhahabu.

Wakili wa Mtaa #22

Kocha, lakini hiyo ni adhabu mara mbili. Umemnyima uwanja, umemnyima ligi yako, akashindwa kumaliza msimu kwa sababu ya hayo hayo mawili. Halafu miaka sabini baadaye unamwambia hakumaliza msimu. Mahakamani hoja hiyo wangekucheka.

Kocha Mstaafu #23

Mahakamani labda. Kwenye daftari la takwimu namba ni namba. Waandikiwe ukurasa wao wa heshima, ila wasiwekwe safu moja na Josh Gibson.

Chumvini #24

Hapa mimi niko na Kocha, mtashangaa. Gibson alicheza miaka na miaka dhidi ya warushaji wa kweli. Steelheads hawakupewa nafasi ya kuthibitisha, na kutothibitisha si sawa na kuthibitisha. Kinachoniudhi ni kingine: ligi ile ya wazungu ya pwani iliyowanyima kucheza na kuwakodisha viti. Ilimpokea mweusi wa kwanza 1948, John Ritchey, mdakaji, mtoto wa San Diego, akachezea Padres wa mji wake. Mwaka uliotangulia alikuwa kinara wa upigaji kwenye Negro American League. Hesabuni wenyewe: kati ya Julai 1946 na Machi 1948 ni miezi kama ishirini. Ligi ya Saperstein ingekula hasara misimu miwili tu ingefika siku ile. Hakuna aliyekuwa tayari kula hasara hiyo, na Saperstein hakuwa mtu wa hasara. Mwaka huo huo wa 1948 alikuwa Cleveland akimsaidia Bill Veeck, mmiliki wa timu ya ligi kuu ya pale, kumsajili Satchel Paige. Biashara ya weusi ilihamia huko, na yeye akahama nayo.

mla_mihogo #25

Swali la kizembe. Huku kwetu besiboli ipo?

Binti Mchambuzi #26

Ipo mkuu. Dar kuna uwanja pale Azania Sekondari uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, wameuita Koshien kama ule wao maarufu wa mashindano ya shule. Na Uganda wametutangulia mbali: watoto wao walifuzu kombe la dunia la watoto Marekani 2011, wakanyimwa viza, wakafuzu tena 2012 timu ya Lugazi ikaenda.

Wa Githurai #27

Kufuzu halafu kunyimwa viza. Chumvini, hawa ni Steelheads wengine kabisa 😂

Lakini Sea Lions wa San Francisco umewasahau. Wao pia walikufa Julai?

Chumvini #28

Ligi ilikufa, Sea Lions hawakufa. Walifanya kile Globetrotters walichokuwa wakifanya siku zote: wakapanda basi, wakaacha habari za ratiba, wakazunguka nchi wakicheza na yeyote mwenye uwanja. Waliendelea hivyo miaka kadhaa.

Na kwenye basi hilo ndimo alimokuwa Toni Stone, mwanamke. Alichezea Sea Lions pamoja na wanaume, kituo cha pili, kabla ya kwenda New Orleans Creoles 1949 na hatimaye Indianapolis Clowns 1953, akawa mwanamke wa kwanza kucheza kwa kudumu kwenye ligi kubwa ya weusi. Anastahili uzi wake mwenyewe, nitauleta. Ila mjue alivyoondoka Sea Lions: aligundua halipwi walivyokubaliana. Hakupiga kelele. Timu ilipofika New Orleans akashuka, akasaini na timu ya pale.